Pikapu Imeshushwa, Sasa Inasumbua: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Shokapu

Pikapu iliyoshushwa ikianza kugonga, kuyumba au kula matairi, mwenye gari huwa na jibu moja tu: shokapu. Anakwenda kwenye maduka ya spea, Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, anaulizia "shokapu kali za Hilux", anafungiwa seti mpya, na haipiti wiki mbili ile "du!" imerudi. Mara nyingi shokapu za kwanza zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni nafasi, yaani zile sentimita chache ambazo gurudumu lilikuwa likizitumia kupanda na kushuka kabla gari halijashushwa. Ndiyo maana dalili nyingi hapa chini zinaanza na tepu ya kupimia, kisha ndipo lije swali la shokapu gani.

Nazungumzia hasa pikapu za Kijapani zilizozoeleka kwetu: Hilux za zamani zisizo 4WD, Nissan Hardbody, Isuzu TFR. Mbele zina amu (mikono ya chuma inayoshika gurudumu) ya juu na ya chini kila upande pamoja na tosheni ba, ile fimbo ndefu ya chuma inayojinyonga badala ya springi ya koili. Nyuma zina ekseli nzima iliyofungwa kwenye springi za majani. Zenye koili mbele, kama Hilux Vigo, nitazigusa pale zinapotofautiana. Mtindo wa kushusha pikapu hizi ulikolezwa na vijana wa California, na hadi leo vifaa vyake vinauzwa kwa inchi hata dukani kwetu, kwa hiyo usishangae nikichanganya inchi na sentimita.

Kwanza ujue ilishushwaje

Fundi akilegeza bolti ya tosheni ba, amu zinapanda, gurudumu linasogelea raba ya kugotea (kipande cha mpira kinachozuia chuma kugonga chuma gurudumu likipanda), na shokapu inakaa ikiwa imejifunga zaidi ya zamani. Fimbo yenyewe haijawa laini wala ngumu. Ugumu ni uleule, kilichobadilika ni mahali amu inapopumzika. Sasa mchukue mwingine aliyefunga stabu za kushushia, zile ambazo mhimili wa gurudumu umepandishwa juu kidogo kati ya bolujointi mbili, vile viungo vinavyoishika stabu kwenye amu. Amu zake ziko palepale zilipokuwa kiwandani, na shokapu ya kiwandani bado inamtosha. Pikapu mbili, kimo kimoja, shokapu tofauti. Muuza spea anayekuuliza "umeshusha inchi ngapi?" bila kuuliza umeshusha kwa njia gani, bado hajajua akuuzie nini.

Kwa njia ya tosheni ba, pikapu nyingi zikishuka inchi 2 hivi mbele zimefika karibu na mwisho. Ukiendelea kulegeza unakaa juu ya raba. Anayetaka zaidi ya hapo atafute stabu. Na kabla ya kugusa bolti ile, piga jeki magurudumu yaning'inie, hesabu nyuzi zilizo nje, weka alama ya rangi. Fimbo hizo hubeba nguvu nyingi, na ya kulia si ya kushoto: zikishazoea kunyongwa upande mmoja hazibadilishwi upande.

Kwenye koili, wengine hukata mzunguko. Ukitoa mmoja kati ya kumi inayofanya kazi, springi inakuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 11, na hilo shokapu nzuri inalimudu. Kuchoma koili kwa gesi ili ilale ni habari nyingine. Chuma kilichochomwa kimepoteza uwezo wake wa kurudi. Kitaendelea kulala kila mwezi, na upande wa kushoto hautalala sawa na wa kulia. Hakuna shokapu inayoifaa springi ya namna hiyo. Itoe, nunua nyingine, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Nyuma ndiko kwenye vituko. Njia ya bei rahisi ni bloku ya chuma kati ya springi na ekseli, lakini bloku inashusha gari pale tu springi inapopita chini ya ekseli. Kama springi imekaa juu ya ekseli, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za 4WD, bloku ileile italinyanyua gari. Lala chini uangalie kwa macho yako kabla hujalipa. Springi ikiwa juu, watu huihamishia chini ya ekseli, na gari huporomoka inchi 5 au 6 kwa mpigo. Hapo ekseli itaigonga chesi isipokuwa chesi imekatwa kipande na kuimarishwa kwa bamba lenye umbo la herufi C. Kazi hiyo si ya mtu mwenye mashine ya kuchomelea tu. Njia ya shekeli, kile kiungo kinachoshika mwisho wa springi kwenye chesi, ni ya upole: kwenye zile zinazoning'inia chini ya chesi, shekeli fupi kwa inchi 2 hushusha nyuma karibu inchi 1, kwa sababu ekseli iko katikati ya springi na shekeli iko mwisho. Njia ya kutoa majani ya springi ndiyo inayobadilisha ugumu, na ndiyo inayowaumiza wabeba mizigo. Nitairudia.

Rasta na tuta: majaribio mawili ya bure

Barabara zetu zimejaa vipimo. Zile rasta, vituta vidogo vya mfululizo barabarani, hutikisa gurudumu kwa kasi na kwa umbali mdogo. Tuta kubwa hulisukuma gurudumu polepole na kwa umbali mrefu. Pita kwenye rasta kwa mwendo wa kawaida huku dirisha liko wazi, kisha upande tuta taratibu.

Gari linalolia na kutetemeka kwenye rasta lakini likapanda tuta bila kelele, shida yake iko kwenye bushi (mipira ya kwenye viungo), kwenye namna zilivyokazwa, au kwenye ugumu wa shokapu. Gari lililotulia kwenye rasta halafu likagonga kwenye tuta limeishiwa nafasi. Likiyumba mara tatu baada ya tuta kabla ya kutulia, shokapu hazifanyi kazi, au zinafanya kazi zikiwa zimelala mno. Hii si hukumu ya mwisho, ila inakupunguzia sehemu za kupekua.

"Inagonga kwenye kila tuta"

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi, na ina vyanzo viwili vinavyotoa sauti zinazofanana: ekseli au amu inagota kwenye raba, au shokapu inafika mwisho ndani kabla ya raba kugusa. Cha kwanza kinakera. Cha pili kinaua shokapu, maana pistoni inapiga vali ya chini, na baada ya muda mafuta yanaanza kuchungulia kwenye sili.

Kuvitofautisha ni kazi ya dakika chache. Futa raba za kugotea zikauke, kisha pakaa grisi nyeupe au ya rangi pale amu au ekseli inapotakiwa kuzigusa. Endesha hadi kwenye tuta linalokusumbua, pita, rudi, lala chini. Ukikuta alama ya grisi imehamia kwenye raba, imepanuka na kuacha mchoro wa mviringo, basi raba imefanya kazi yake na nafasi ndiyo haitoshi. Ukikuta grisi iko vilevile ulivyoiacha lakini ulisikia "du!", tazama shokapu: imegota yenyewe. Ile ya kiwandani, ndefu, imefungwa kwenye gari ambalo sasa ni fupi.

Wapo wanaotibu mgongano kwa kukata raba zote na kuzitupa. Kelele hupungua kwa siku chache, halafu shokapu inageuka kuwa raba. Raba inaweza kupunguzwa, au kubadilishwa kwa fupi iliyo laini, lakini lazima ibaki na lazima iguse kabla shokapu haijafika mwisho.

Sasa vipimo. Nyuma, gari likiwa chini kwenye usawa, tupu, baada ya kulisukuma mbele na nyuma ili springi zikae, pima umbali kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Kisha pima uwazi kati ya raba na ekseli. Kisha piga jeki chini ya chesi, weka stendi, acha ekseli ining'inie, upime tena kutoka bolti hadi bolti.

Tuchukue mfano. Likiwa chini umepata sentimita 38. Uwazi wa raba ni sentimita 6. Raba ina kimo cha sentimita 5, nayo ikigongwa hasa hukubali kubonyea karibu nusu, tuseme 2.5. Toa 6 na 2.5 kutoka 38, unabaki na 29.5. Hapo ndipo bolti mbili zitakapokaribiana zaidi. Shokapu yako ikijifunga kabisa iwe fupi kuliko hapo kwa sentimita moja na kidogo, yaani 28 au chini. Ekseli ikining'inia umepata 44. Basi shokapu ikifunguka kabisa ifike 44 au ipite kidogo. Unatafuta shokapu ya 28 kwa 45. Ikiwa gari limesimama itakuwa imefunguka sentimita 10 kati ya 17, zaidi kidogo ya nusu, na hapo ni mahali pazuri pa shokapu kuishi. Kwa kuwa shokapu imeinama, hujifunga kidogo kuliko ekseli inavyopanda, kwa hiyo hesabu hii inakosea upande wa usalama.

Usisahau kile kipimo cha kuning'inia. Watu wakishajua wanahitaji shokapu fupi hununua fupi kupita kiasi, na sasa kila gurudumu linaposhuka shimoni shokapu inavutwa kama mnyororo. Itang'oa jicho lake, au bracketi kwenye chesi. Sauti yake ni "ka!" kavu wakati gurudumu linashuka, si linapopanda.

Pikapu nyingi zina shokapu moja ya nyuma mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Pima pande zote mbili. Na mbele usipime uwazi wa fenda na tairi ukadhani ndio mwendo wa shokapu: shokapu imeshika amu ndani zaidi ya gurudumu, kwa hiyo gurudumu likipanda sentimita 10, yenyewe hujifunga pungufu ya hapo. Pima kwenye bolti zake.

Watengenezaji wakubwa, Kayaba na Monroe miongoni mwao, wana katalogi zenye urefu wa kufunguka na wa kufungika. Mwambie muuzaji afungue. Asipokuwa nayo, bonyeza shokapu hapo hapo kaunta hadi mwisho, upime kwa tepu yako.

"Inadunda na kuelea, hasa nyuma"

Kama shokapu ni za zamani, hapa huenda kweli zimekwisha. Ila kwenye pikapu iliyoshushwa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita: pembe. Ekseli ikipanda kuelekea chesi, mguu wa chini wa shokapu unapanda nao huku wa juu umekaa, kwa hiyo shokapu inalala zaidi. Nguvu inayobaki ya kutuliza ekseli hushuka haraka kuliko macho yanavyodhani. Shokapu iliyoinama digrii 20 kutoka wima bado inatoa karibu asilimia 88 ya kazi yake. Ikiinama digrii 30 inabaki 75. Ikifika digrii 45 ni nusu tu. Simu yako ina kipimo cha pembe. Iegemeze kwenye mwili wa shokapu usome. Ukikuta 40 na kitu, kununua shokapu ghali zaidi ni kulipia kitu ambacho nusu yake hakitumiki. Hamisha bracketi ya juu.

Halafu kuna hewa. Shokapu nyingi za bei ya kawaida zina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na zikilazwa dukani au kwenye buti hewa huingia pasipotakiwa. Kabla ya kufunga, isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari, vuta hadi mwisho, bonyeza hadi mwisho, rudia mpaka upate uzito uleule kote bila kale kalegeo ka katikati. Ukiendelea kuhisi kalegeo, irudishe. Shokapu hizo hazipinduliwi: mwili uwe chini, fimbo juu. Za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa hukubali kukaa vyovyote, na hizo ndizo ninazozipendelea pale nafasi ilipobana, ijapokuwa zinasukuma gari juu kidogo na bei yake haifanani.

Kuhusu "ngumu" na "laini". Ukishusha kwa tosheni ba, bloku, shekeli au stabu, springi yako ni ileile, kwa hiyo unahitaji shokapu fupi yenye nguvu ileile au zaidi kidogo. Ukikata koili, ongeza, hasa nguvu ya kuizuia isifunguke haraka. Ukitoa majani ya springi umelainisha, na shokapu ya kubebea tani moja iliyobaki hapo itaishikilia springi: gari linashuka kwenye shimo la kwanza, kabla halijarudi juu linakutana na la pili, na la tatu linalikuta limekaa juu ya raba. Dereva anasema "imekuwa ngumu". Kumbe springi ndiyo imekuwa laini, na shokapu imeishinda.

"Ngumu hata kwenye rasta, na haigoti"

Kabla ya kulaumu shokapu, ulizia bolti zilikazwa vipi. Bushi za amu na za macho ya springi ni mpira ulioshikana na chuma pande zote mbili, hazizunguki, zinajinyonga. Fundi akikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, akishusha chini mpira umeshanyongwa hadi karibu na mwisho wake kabla hata ya safari kuanza. Gari linakaa juu kuliko ilivyopangwa, linakuwa kavu, linalia "nyee" asubuhi, na bushi zinapasuka mapema.

Dawa yake haina gharama. Legeza bolti zote hizo, shusha gari chini kwenye magurudumu yake, lisukume litulie, kisha kaza likiwa limebeba uzito wake. Kimo kinaweza kushuka hapo hapo. Usiguse tosheni ba kabla ya hatua hii, utarekebisha uongo.

"Inakula tairi kwa ndani, usukani unahangaika"

Amu zikipanda, kwa kawaida kichwa cha gurudumu kinaegemea ndani. Wenye gari hulaumu huko kuegemea, lakini kinachomaliza tairi kwa haraka ni uelekeo wa mbele: magurudumu kufunguka au kufungana, kwa sababu tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zimebadilika pembe. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ukingo wa nje kuja ndani, kisha kinyume. Kila ukuta wa kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ukiwa laini upande mmoja na una ukali upande wa pili, ni uelekeo. Ukisikia meno unapovuta kuja ndani, matairi yamefunguka mbele. Ikiwa ukingo wa ndani umelika lakini ni laini kote, hapo ndipo kuegemea kuna lawama.

Peleka alaimenti baada ya bushi kukazwa vizuri na kimo kuwa cha kudumu, sio kabla. Kwenye nyingi za tosheni ba, kuegemea hurekebishwa kwa shimu (vibamba vyembamba vya chuma) kwenye amu ya juu. Zikiisha na bado haijakaa sawa, umeshusha kupita uwezo wa amu. Usukani unaovuta ghafla gurudumu moja likipanda tuta unaonyesha tairodi hazilali tena sambamba na amu. Alaimenti haitaponya hilo. Pandisha inchi moja, au hamia stabu.

Geuza usukani hadi mwisho pande zote huku msaidizi akitazama mipira ya breki ya mbele. Mpira uliokuwa umenyooka sasa umelegea, na kama unasugua rimu, siku moja utatoboka.

"Inatetemeka nikikanyaga mafuta"

Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia, kwa kasi ileile, si wa tairi. Ni propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu. Ekseli ikipanda, au bloku ikiwa imekaa upande, pua ya difu (pinioni) inabadilisha pembe na krosi, viungo vya propela, zinafanya kazi zikiwa zimekunjika. Kwa propela ya kipande kimoja, pembe ya mwisho wa giaboksi na ya pinioni zifanane, tofauti isizidi digrii 1 hivi, na kila krosi ikunjike chini ya digrii 3. Kosa hurekebishwa kwa shimu ya kabari kati ya springi na ekseli. Yenye vipande viwili ina senta beringi. Mara nyingine kuishusha kidogo kunatosha.

Bloku ndefu zina balaa lao: ukianza kwa kishindo ekseli inajipindisha kwenye springi na nyuma inarukaruka. Bloku mbili juu ya moja ni marufuku kwenye gari langu, na la mbao sitalijadili.

"Breki za nyuma zinashika kwenye mvua"

Hii soma polepole. Hilux nyingi na pikapu nyingine za Kijapani zina vali ya breki inayopima mzigo. Iko kwenye chesi karibu na ekseli, na fimbo au springi nyembamba inaiunganisha na ekseli. Ukipakia mzigo, chesi inashuka, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma.

Sasa umeshusha gari inchi 3. Vali haijui habari za mtindo. Inaona chesi imeshuka, inadhani umebeba simenti. Inapeleka nguvu ya gari lililojaa kwenye ekseli ya gari tupu, na barabara ikiwa na maji magurudumu ya nyuma yanaganda kwanza, mkia unakwenda kando. Hakuna shokapu wala tairi jipya litakaloondoa hilo. Kabla ya kushusha, pima pembe au urefu wa fimbo ile gari likiwa tupu. Baada ya kushusha, irudishe pale pale kwa kurekebisha nati yake au kwa kusogeza bracketi kiasi kile kile. Kama limeshashushwa na hakuna aliyepima, tafuta fundi mwenye geji za breki apime shinikizo la mbele na la nyuma. Kuiziba vali au kuiunganisha moja kwa moja ni kuruhusu ajali.

"Imelala upande, au inatembea kama kaa"

Pima kutoka katikati ya kofia ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Ukipima kutoka ardhini unapima upepo wa matairi na mteremko wa gereji. Mbele ikitofautiana, rekebisha tosheni ba ya upande husika, lisukume gari, pima tena. Ukikuta mbele iko sawa lakini nyuma imelala, toa mzigo na spea tairi kwanza, kisha tazama springi.

Kutembea upande ni jambo zito. Senta bolti ya springi ina kichwa kinachoingia kwenye tundu la bloku, na bloku ina pini inayoingia kwenye ekseli. Kimojawapo kisipokaa, yubolti, zile bolti zenye umbo la herufi U, zinaibana ekseli ikiwa imesogea. Pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti ya sentimita inatosha kukuambia ufungue. Yubolti zirudiwe kukazwa baada ya kilomita mia za kwanza. Bloku mpya hukaa, na nati hulegea hata kama hujazigusa.

"Nikipakia, inakaa chini"

Mifuko 20 ya simenti ni tani nzima. Pikapu yenye uwazi wa sentimita 6 kati ya raba na ekseli haina pa kuiweka, na shokapu haibebi mzigo, inatuliza mwendo tu. Aliyetoa majani ya springi ayarudishe. Aliyeweka bloku anaweza kuongeza jani la msaada au mifuko ya hewa kati ya chesi na ekseli, ila akumbuke kwamba hivyo vinaongeza ugumu, na shokapu zilizochaguliwa kwa gari tupu sasa zitakuwa laini kwake. Zile zenye marekebisho ya nje zinafaa hapa kuliko mahali pengine popote. Kama kazi ya kila siku ni kokoto na simenti, shusha inchi 1 nyuma usizidi, au usishushe.

Taa za mbele nazo zipimwe usiku ukutani, gari tupu na gari limepakia. Nyuma ikiwa chini kuliko mbele, unawamulika macho wanaokuja.